Soko Huria ni Huru kwa Nani?



Imepita zaidi ya miaka 30 tangu nchi yetu ilipoufuata uchumi wa soko huria. Tangu hapo tumeambiwa, na wengi wetu tumeyarudia maneno hayo bila kuyachunguza, kwamba ushindani ukiwepo bei ya haki itajileta yenyewe. Sisi tunaoishi Bagamoyo, hapa mjini Tukuyu, tunaona kila siku kwamba maneno hayo ni kweli kwa bidhaa fulani na si kweli kwa nyingine. Hatuna budi kujua tofauti hiyo inatoka wapi, kwa maana asiyejua chanzo cha ugonjwa hawezi kuchagua dawa.

Tuanze na simu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 simu zote zilikuwa mikononi mwa shirika moja la umma, na aliyetaka waya wa simu nyumbani aliomba, akangoja, akachoka. Simu za mkononi zilianza nchini mwaka 1994, makampuni yakaongezeka, na leo hata bibi aliye bondeni anazungumza na mjukuu wake aliye Dar es Salaam. Tangu mwaka 2017 mteja anaweza kuhamia kampuni nyingine bila kuipoteza namba yake. Hapo ushindani una meno, kwa sababu kampuni inajua kwamba ikitutendea vibaya leo, kesho tutakuwa kwa mwenzake.

Sasa tuitazame chai. Jani bichi likichumwa asubuhi linapaswa kufika kiwandani siku hiyohiyo. Likirundikwa na kulala hupata joto na kuharibika. Tena huhitajika kilo nne hadi tano za jani bichi ili kupata kilo moja ya chai kavu, kwa hiyo kulisafirisha jani mbali ni sawa na kulipia nauli ya maji. Mkulima wa Rungwe hawezi kulipeleka Mufindi kutafuta bei nzuri zaidi. Kuanzia mwaka 1968 chai ya wakulima wadogo ilikuwa chini ya Mamlaka ya Chai ya serikali. Baada ya mageuzi, viwanda vya Katumba na Mwakaleli viliingia katika kampuni ambayo wakulima wadogo, kupitia chama chao, walipata hisa. Hilo lilikuwa jambo jema. Hata hivyo, mabadiliko ya umiliki hayabadilishi tabia ya jani. Palipo na gari moja tu la kukusanya chai, uhuru wa mkulima ni kuchagua kati ya kuuza kwa bei iliyopo na kuliacha jani likomae mtini.

Hatusemi kwamba kila mwenye kiwanda ni mnyonyaji. Kiwanda ni ghali, na huenda bonde moja lisiweze kulisha viwanda vitatu. Tunachosema ni kwamba mahali pa namna hiyo haitoshi kumwambia mkulima angoje ushindani.

Katika viazi na ndizi hali ni nyingine kabisa. Kule Isongole na Kiwira wauzaji ni maelfu, lakini wenye malori ni wachache, na katikati yao amesimama dalali. Wakulima ndio wanaoshindana wenyewe kwa wenyewe. Lumbesa huzaliwa hapo. Sheria ya vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini mkulima mmoja akikataa kushonewa kilemba juu ya gunia lake, mnunuzi huvuka barabara akaenda kwa jirani anayehitaji ada ya shule siku hiyo. Wingi wetu, ambao ungekuwa nguvu, umegeuka kuwa udhaifu.

Kwa upande wa parachichi, wanunuzi wameongezeka, na mkulima amepata la kuchagua. Lakini pasipo utaratibu, wanunuzi wanaowahiana huchuma hata tunda lisilokomaa, na jina la parachichi zetu huharibika huko ng'ambo kwa hasara ya wote.

Wala tusidhani kwamba ushindani ukishapatikana utadumu wenyewe. Wenye umri watakumbuka jinsi makampuni makubwa ya bia ya Kenya na ya Afrika Kusini yalivyopambana katika soko letu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2002 yalikaa mezani: moja likaacha kutengeneza bia Moshi, jingine likafunga kiwanda chake nchini Kenya, na kila moja likapata hisa katika biashara ya mwenzake. Fahali wawili walipatana, na mnywaji hakuulizwa. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga Sheria ya Ushindani, ambayo iliunda Tume ya Ushindani na kukataza wafanyabiashara kupanga bei kwa siri. Sheria hiyo ni njema, lakini haiwezi kumsaidia mtu asiyejua kwamba ipo.

Papa Paulo VI, katika waraka wake wa mwaka 1967 kuhusu maendeleo ya watu, alifundisha kwamba mapatano ya watu wawili wasiolingana kabisa kwa nguvu hayawi ya haki kwa sababu tu wote wawili wamekubali. Basi kipimo chetu kiwe hiki: je, muuzaji anaweza kukataa na bado watoto wake wakala? Kama hawezi, soko hilo si huru kwake, hata likiwa na wanunuzi kumi.

Ndugu zetu wa Kyela wametupa fundisho. Kakao yao imekusanywa katika vyama vya ushirika na kuuzwa kwa mnada, wanunuzi wakishindana mbele ya wote. Mwaka 2024 bei ilipita shilingi 20,000 kwa kilo. Tuwe wakweli: mavuno haba ya Afrika Magharibi ndiyo yaliyopandisha bei ya dunia. Lakini mkulima anayeuza kwa mnada huiona bei hiyo ikipanda, ilhali aliyeuza mazao yake yangali shambani huisikia tu redioni. Kakao kavu inaweza kungoja mnada. Jani la chai haliwezi. Kwa hiyo tusiige bila kufikiri.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kwa viazi na ndizi, kila jumuiya ishirikiane na chama cha msingi kupata mizani iliyokaguliwa, na wote wakatae lumbesa siku moja, si mmoja mmoja. Pili, kwa chai, wanachama wadai kusomewa hesabu: chai kavu iliuzwa kwa bei gani mnadani, Mombasa au Dar es Salaam ambako mnada ulifunguliwa mwaka 2023, na kiasi gani kilirudi kwa mchumaji. Asiye na mnunuzi wa pili anahitaji angalau macho. Tatu, tujichunguze sisi wenyewe. Madalali, wenye malori na viongozi wa vyama si wageni. Wengi tunasali nao, na katika harambee za kanisa mkono wao ndio mzito kuliko yote. Tunawashukuru. Lakini tukiipokea sadaka yao kwa makofi na kunyamaza juu ya gunia lililoshonewa kilemba, tutakuwa tumegawana nao kilo zile za ziada.

Haki haianzi Dodoma. Yaweza kuanza kwa mizani moja, hapa kwetu, msimu huu.