Ufizi Utokao Damu

Juma lililopita niliwauliza watoto wa darasa langu hapa Goma: "Ni nani aliyepiga mswaki asubuhi ya leo?" Mikono mingi iliinuliwa, lakini kijana mmoja aliinamisha kichwa. Nilipomwita kando akanijibu kwa haya: "Mwalimu, niliacha. Kila nikisugua, damu hutoka. Mama aliniambia nipumzishe ufizi mpaka upone."

Mama huyo ampenda mwanawe, lakini alikosea, na wengi wetu hukosea kama yeye. Basi tufahamu chanzo cha damu hiyo.

Kila siku meno yetu hushikwa na utando mwembamba uitwao ukoga. Ndani yake hukaa vijidudu visivyohesabika, navyo hula mabaki ya chakula, hasa sukari. Ukoga usipoondolewa, vijidudu huchokoza ufizi, nao huvimba, huwa mwekundu, na hutoa damu ukiguswa. Kwa hiyo aachaye mswaki kwa ajili ya damu huongeza kile kile kiletacho damu. Yampasa asugue taratibu, kwa mswaki laini, pale ufizi unapokutana na jino, asubuhi na hasa usiku kabla ya kulala. Mara nyingi damu hukoma baada ya majuma mawili hivi.

Ukoga ukiachwa siku nyingi huwa mgumu kama jiwe, wala mswaki hauuwezi tena. Hapo hapana budi kumwendea mganga wa meno aukwangue kwa vyombo vyake. Asipoendewa, ugonjwa hushuka chini na kula mfupa ushikao meno, nayo hulegea hata kung'oka. Mfupa huo haurudi wenyewe. Wavutao tumbako na wenye ugonjwa wa sukari huumia upesi kuliko wengine.

Wengine husema: "Maji ni shida, bidoni moja ni ya kupikia." Ni kweli, sisi tukaao juu ya mawe ya volkano twajua taabu hiyo. Lakini kikombe kimoja chatosha meno ya mtu mmoja. Tena, yale madoa ya kahawia tuyaonayo katika meno ya watu wengi wa pande hizi siyo uchafu, wala siyo ugonjwa wa ufizi. Hutokana na madini ya floridi, ambayo huzidi katika maji ya nchi ya volkano na kuingia katika meno tangu utotoni. Mtoto mwenye madoa hayo asichekwe, wala asiyasugue kwa mchanga, maana atajeruhi ufizi bure.

Liko jambo zito zaidi. Mtoto mdogo, hasa wa miaka 2 hadi 6, aliyedhoofu kwa njaa au aliyetoka kuugua surua, akiwa na ufizi uliovimba, wenye kidonda na harufu mbaya, msingoje hata kesho. Huenda ndiyo noma, ugonjwa uanziao katika ufizi na kula shavu kwa siku chache tu. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Usipotibiwa, waweza kuua watoto 9 katika 10. Ukishikwa mapema, dawa za antibiotiki, kusafisha kinywa na chakula chema huuzuia. Noma si uchawi, wala haiambukizi; basi mtoto asifichwe nyumbani. Mwaka 2023 na 2024, watu mamia ya maelfu waliokimbia vita walijazana kando ya mji wetu, huko Bulengo na Kanyaruchinya, nasi tuliona jinsi njaa na surua zinavyotembea pamoja. Ndiyo sababu chanjo ya surua nayo ni kinga ya kinywa.

Jioni ya leo, enyi baba na mama, waiteni watoto wenu karibu na taa, mmoja mmoja, mkatazame ufizi wao. Kazi hiyo haihitaji fedha.

Yule kijana wangu amekwisha kuanza tena kupiga mswaki. Damu ingali ikitoka kidogo, lakini sasa ajua sababu yake, na mama yake ajua pia.