Lenzi Ipi Ianze Kununuliwa?



Mwaka jana nilialikwa harusini Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba. Mpiga picha alikuwa kijana mwenye bidii, ambaye kamera yake aliinunua kwa mapato ya alizeti ya misimu miwili. Ilipofika zamu ya bibi yake bwana harusi, chumba kilikuwa kidogo, naye kijana akaizungusha lenzi hadi mwisho wa upana wake, yaani milimita 18, akamsogelea bibi kwa hatua moja. Picha ilipotoka, pua ya bibi ilikuwa imetuna, masikio yamerudi nyuma, na mjomba aliyesimama pembeni amevutika kama mpira. Jamaa walicheka sana. Baada ya miezi michache bibi akafariki dunia, ikatafutwa picha ya kuwekwa mbele ya jeneza, isipatikane nyingine ila hiyo. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Kijana yule ameniandikia kwa uchungu. Anazo fedha kidogo, na anauliza anunue lenzi ipi ili jambo lile lisimpate tena.

Kwanza nimwondolee mzigo mmoja: lenzi yake haikuwa mbovu. Kilichoharibu uso wa bibi ni ukaribu. Mtu akiwa hatua moja kutoka kwako, pua yake iko karibu nawe zaidi kuliko masikio kwa kiasi kinachoonekana. Ukirudi nyuma hatua tatu, tofauti hiyo haionekani tena. Kazi ya lenzi ndefu ni kukuwezesha kusimama mbali na bado uso ukajaza picha. Simu za mkononi nazo zina lenzi pana, ndiyo maana anayejipiga picha kwa mkono wake mwenyewe aghalabu hulalamikia pua yake. Laiti kijana angemtoa bibi barazani, akaizungusha lenzi ile ile hadi milimita 55, tusingekuwa na barua hii.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Katika kamera za filamu ya milimita 35, ambayo picha yake moja hupimwa milimita 24 kwa 36, lenzi ya milimita 50 ndiyo iliyohesabiwa kuwa ya kawaida, kwa kuwa vitu huonekana humo kwa uwiano tuliouzoea. Kamera nyingi za kidijitali za bei nafuu hupokea mwanga kwenye kipande kidogo kuliko hicho, na hivyo lenzi ya 50 huonyesha eneo ambalo zamani lingeonyeshwa na lenzi ya 75. Huo ni urefu mzuri sana kwa nyuso za watu. Basi nasema bila kusita: aanze na hiyo, yenye tundu la namba 1.8. Katika aina nyingi za kamera ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa, na huingiza mwanga zaidi ya mara tisa ya ule unaoingizwa na lenzi yake ya sasa ikiwa milimita 55, ambapo tundu lake haliwezi kuzidi namba 5.6. Kanisani jioni, au umeme ukikatika na zikawashwa taa za chemli, tofauti hiyo ndiyo mshahara wake.

Lakini asiitupe ile ya zamani. Ukoo wa watu arobaini hauingii katika lenzi ya 50 uani kwa mtu. Hapo hapana budi kutumia upana. Ila wazee wawekwe katikati, na pembeni wasimame vijana, maana pembeni ndiko watu wanakovutika.

Anataka pia lenzi ya milimita 300 kwa ajili ya ndege wa Ziwa Kitangiri. Namwelewa, kwani hata mimi nimesimama juu ya mteremko wa Sekenke nikitazama mbuga ya Wembere na kutamani kuivuta karibu. Hata hivyo ndege hawalipi ada ya picha. Lenzi hiyo ni nzito, hutaka mwanga mwingi, na ukiishika kwa mkono hapana budi kasi ya kufyatua iwe walau sehemu moja ya mia tatu ya sekunde, vinginevyo picha itatikisika. Aiazime kwa rafiki siku anayoihitaji.

Akinunua iliyokwisha kutumika, aimulike ndani kwa tochi. Akiona nyuzi mithili ya utando wa buibui, hiyo ni kuvu, aiache hata kama muuzaji atapunguza bei. Aufungue na kuufunga mzunguko wa tundu mara kadhaa. Na kwa vumbi la kiangazi cha Iramba, anunue kioo cha kinga, na asibadilishe lenzi barabarani wakati magari yanapita.

Nimesikia kwamba mdogo wake marehemu bibi yu hai, na hana picha hata moja. Kijana anaweza kuanza na huyo, asubuhi, kivulini barazani, akiwa amesimama hatua tatu.