Linux bonde la Ruzizi: kwa nini masasisho hukwama, na kwa nini kuyaacha ni hatari zaidi

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi za mitumba zimebaki njia panda, kwa kuwa Windows 11 huzikataa mashine zisizo na kinga ya TPM 2.0. Kwa ofisi, shule na vituo vya afya kuanzia mji wa Uvira hadi vijiji vya bonde la Ruzizi kama Lubarika, ambako kompyuta mpya ni anasa, jibu la bei nafuu ni Linux. Haidai ada ya leseni, na hukubali mashine ambazo wengine wamezitupa.

Kuisimika si kazi kubwa. Ugumu huja baadaye, siku ya kusasisha.

Debian na Ubuntu hupokea programu zake kwa vifurushi vinavyopakuliwa kutoka hazina zilizo kwenye intaneti. Utaratibu huo ulibuniwa na watu ambao umeme kwao ni jambo la kawaida. Uvira hutegemea mabwawa ya Mto Ruzizi, na giza la ghafla si habari tena. Vijijini anayewasha kompyuta mara nyingi huhesabu saa za betri ya sola. Umeme ukikatika vifurushi vikiwa bado vinasimikwa, mfumo hubaki nusu mpya, nusu wa zamani, na kila jaribio la kuongeza programu hugoma.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakafuta diski nzima na kuanza upya. Uvira ni miongoni mwa maeneo ya Kongo ambako kipindupindu hakikauki, na taarifa za wagonjwa hutakiwa kila wiki. Diski iliyofutwa kwa pupa inaweza kwenda na sajili ambayo haina nakala mahali pengine.

Na mara nyingi hakukuwa na haja. Amri ya dpkg --configure -a humalizia kazi iliyokatizwa, kisha apt --fix-broken install huleta vifurushi vilivyopungua. Subira pia ni dawa. Mfumo ukisema umefungwa kwa sababu programu nyingine inausasisha, kwa kawaida unasema kweli: masasisho ya kujiendesha yanafanya kazi chinichini. Anayefuta faili ya kufuli ili kuharakisha mambo huruhusu programu mbili kuandika kwenye orodha moja ya vifurushi kwa wakati mmoja, na uharibifu wake ni mgumu kuliko ule wa kukatika kwa umeme.

Tatizo jingine ni la mashine kuukuu hasa, na huwachanganya hata mafundi. Betri ndogo ya CR2032 iliyo ndani ya kompyuta ikifa, kila ikizimwa saa hurudi miaka nyuma. Apt husoma tarehe ya hazina, huiona ni ya siku zijazo, na hukataa kupakua chochote. Fundi hulaumu intaneti, hununua megabaiti zaidi, na matokeo ni yaleyale. Angeangalia tarehe kwanza kwa amri ya date, angeokoa pesa yake.

Kujaa kwa sehemu ya diski iitwayo /boot ni jambo dogo kwa kulinganisha: df -h huonyesha, na apt autoremove huondoa keneli za zamani zisizohitajika tena.

Vita navyo vimebadili hesabu. Bukavu ilipotekwa na M23 Februari 2025, serikali ya jimbo la Kivu Kusini ilihamia Uvira. Desemba mwaka huohuo waasi wakaingia Uvira nayo. Barabara zikiwa hivyo, fundi wa mbali hulazimika kuihudumia seva kupitia mtandao. Akianza kusasisha bila kufungua tmux au screen, mtandao ukikatika kazi inaweza kufa katikati, hata kama umeme upo.

Baada ya misukosuko hiyo, wapo wanaoamua kutogusa chochote mradi mashine inawaka. Uamuzi huo unaeleweka, lakini ni mbaya. Mwishoni mwa Juni 2025 ilitangazwa kasoro katika sudo, programu iliyomo karibu katika kila Linux, iliyomwezesha mtumiaji wa kawaida kujipa mamlaka yote ya mfumo. Tiba ilikuwa kifurushi kimoja. Nayo Ubuntu 20.04 ilimaliza huduma yake ya kawaida Mei 2025, na asiyelipia au kujiandikisha kwa huduma ya ziada hapati viraka.

Kinachowezekana bila fedha nyingi ni kugawana mzigo. Kompyuta moja ikiwekewa apt-cacher-ng, kifurushi hupakuliwa mara moja tu na mashine nyingine za jengo zenye mfumo uleule hukichukua hapo. Masasisho hufanywa mchana jua likiwa kali, na nakala ya data huwekwa kando kabla ya amri ya kwanza. Kutoka Debian 11 hupitiwa 12 kwanza ndipo 13. Kuruka toleo hakuungwi mkono.

Kwa mashine za biti 32, safari hiyo ina kikomo. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisimikaji wala keneli kwa ajili yao. Wenye mashine hizo wanaweza kubaki na Debian 12, ambayo huduma yake ya muda mrefu imepangwa kuendelea hadi Juni 2028.