Carroll Hakukosea Kuagiza Pasi

Wenzangu wachache wanaofuatilia futiboli ya Kimarekani bado wanamcheka kocha Pete Carroll. Tarehe 1 Februari 2015, katika Super Bowl, fainali ya ligi yao, Seattle Seahawks walikuwa nyuma kwa 24 dhidi ya 28, wamebakiza yadi 1 tu kufika mstari wa goli. Carroll alikuwa na Marshawn Lynch, mkimbiaji mwenye nguvu za fahali. Akaagiza pasi. Malcolm Butler wa New England Patriots akaiwahi, akainasa, na ubingwa ukaenda zake. Tangu siku hiyo kila mtu ni kocha.

Haya, hesabuni saa. Zilibaki sekunde 26, majaribio matatu, na ruhusa moja tu ya kusimamisha saa. Mkimbiaji akiangushwa uwanjani, saa inaendelea. Pasi ikianguka chini, saa inasimama yenyewe. Anayetaka kuyatumia majaribio yote matatu hana budi kurusha angalau mara moja. Na Lynch huyohuyo, msimu ule alipewa mpira mara tano kwenye yadi 1, akafunga mara moja!

Kosa nililoliona mimi ni aina ya pasi: fupi, ya katikati, penye msongamano, badala ya pembeni ambako mpira ukimkosa mlengwa unatoka nje. Hapo nakubali kulaumu. Lakini Butler angechelewa nusu hatua tu, hawa wanaopiga kelele leo wangemwita Carroll bingwa wa mbinu.