Land Cruiser kuukuu: Uza kazi yake, usiuze umri wake

Dhahabu inapopanda bei, kama ilivyofanya Oktoba 2025 ilipovuka dola 4,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza, kila mwenye mali ya kuuza kati ya Shinyanga na Geita hujiona naye amepanda. Anayeumia zaidi kwa hesabu hiyo ni mwenye Land Rover 109 au Land Cruiser ya zamani iliyoagizwa kutoka nje. Hutaja bei ya juu akisema gari ni adimu na halitengenezwi tena. Mnunuzi huzunguka gari mara mbili, hupiga teke tairi, huaga. Miezi inapita, betri inakufa, mtaji umelala uani.

Maoni yetu wiki hii ni kwamba gari la aina hiyo lina masoko mawili yasiyofanana. Muuzaji asiyechagua moja hupata hasara katika yote mawili.

Masoko mawili

Soko la kwanza ni la kazi. Mnunuzi wake ni mwenye duara Rwamgasa au Nyarugusu, mwenye karasha Nyakafulu, au mfanyabiashara anayepeleka dizeli, pampu na matimba ya kushikilia kuta za duara huko Mwakitolyo. Huyu haulizi gari lilitengenezwa mwaka gani. Anauliza kama injini inawaka asubuhi ya baridi, kama difu na gia za kuvuta magurudumu yote manne zinafanya kazi, na kama spea zinapatikana Kahama au Mwanza bila kuagiza. Ndiyo maana Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ya lita 4.2, haikai sana sokoni: karibu kila fundi anaifahamu. Ndiyo maana pia Land Rover 109 iliyofungwa injini ya Toyota humfurahisha mnunuzi wa machimboni kuliko ile yenye injini yake ya asili.

Soko la pili ni la wapenzi wa magari ya kale. Land Cruiser za mfululizo wa 40, zilizotengenezwa kati ya 1960 na 1984, zinatafutwa sana Marekani, ambako sheria inaruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingizwa nchini bila kutimiza viwango vya usalama vya magari mapya. Land Rover nazo zina watu wake, hasa tangu kiwanda cha Solihull, Uingereza, kilipoacha kutengeneza Defender ya zamani Januari 2016. Hapa nchini, tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilionyesha kwamba mapenzi hayo yapo hata kwetu.

Lakini mnunuzi wa soko hili anataka uasili. Anasoma namba ya chesisi, analinganisha namba ya injini na kadi, anatazama kama bodi imekatwa na kuchomelewa. Injini ile ile ya Toyota iliyompandishia muuzaji bei Nyarugusu inamshushia bei Arusha.

Magari mengi ya ukanda wetu yameshafanya kazi ngumu. Yamebadilishwa injini, yamechomelewa, yamepakwa rangi upya. Hayo ni ya soko la kwanza, na mwenyewe akubali bei ya soko la kwanza. Mwenye gari ambalo halijaguswa, hata kama haliwaki, asilimalizie kijiweni kwa dalali. Apige picha za kibao cha chesisi, injini na sehemu ya chini, alitangaze Arusha na Dar es Salaam, na asilifunge injini nyingine kwa nia ya kuliboresha.

Hesabu ya bei

Tuchukue sasa muuzaji wa soko la kazi, kwa kuwa ndio wengi. Bei yake ina dari na sakafu. Dari ni gharama ya kuagiza gari linalofanana nalo. Tanzania haijafunga mlango kwa magari yaliyozidi umri fulani kama Kenya, yenye kikomo cha miaka minane, lakini inautoza umri ushuru. Kwa gari la abiria lenye injini inayozidi cc 2000, ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10, na VAT asilimia 18, kila kimoja kikitozwa juu ya kilichotangulia. Kwa hiyo kila shilingi 100 za thamani ya gari likifika bandarini huwa takriban shilingi 162, kabla ya ushuru wa uchakavu, tozo nyingine, usajili na safari ya kilometa zipatazo 1,000 hadi Shinyanga. Sakafu ni jumla ya fedha ambazo mwenye gereji angetoa kununua injini, gia, difu na bodi kama spea.

Kati ya dari na sakafu, bei huamuliwa na kazi. Tuchukue mfano. Gari linakodishwa kwa Sh. 150,000 kwa siku, mkodishaji akiweka mafuta, na linapata kazi siku 15 kwa mwezi. Hiyo ni Sh. 2,250,000. Ukitoa dereva, matairi, fundi na bima, tuseme Sh. 1,000,000, inabaki Sh. 1,250,000. Ukiuza gari hilo kwa Sh. milioni 45, mnunuzi atarudisha mtaji wake baada ya miezi 36. Ukiuza kwa milioni 30, ni miezi 24. Mwenye duara anajua kwamba miamba inaweza kukauka kabla ya miaka mitatu kwisha, na hawezi kulipa bei inayomtaka asubiri muda wote huo. Msomaji aweke tarakimu zake mwenyewe. Njia ya kukokotoa ni hiyo hiyo.

Jambo jingine ni barabara. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilizinduliwa Juni 2025, na safari ya Mwanza hadi Geita sasa haisubiri kivuko. Lami inapofika, gari dogo na pikipiki huchukua kazi iliyokuwa ya Land Cruiser. Kazi ya gari la magurudumu manne inasogea ndani zaidi, vijijini na machimboni. Anayesubiri bei ipande mwaka hadi mwaka anasubiri soko linalopungua.

Karatasi kwanza

Kadi isiyo na jina la muuzaji hupunguza bei kuliko kutu. Gari lililonunuliwa mnadani likiwa na namba za DFP au STK lazima liwe na hati za mnada. Gari la mradi lililoingia kwa msamaha wa kodi hudaiwa kodi linapokwenda kwa mtu asiye na msamaha. Injini iliyobadilishwa iandikishwe TRA kabla ya mnunuzi kuitwa. Na usikubali kukabidhi gari kwa kupeana kadi mkono kwa mkono: likipata ajali au likikamatwa na mzigo haramu, jina linalotafutwa ni lililoandikwa kwenye kadi.

Hatari kubwa kuliko zote ni malipo. Ahadi ya "nitakumalizia mwamba ukitoa" ni mkopo usio na dhamana, na mwenye kuutoa mara nyingi ni mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake chote katika gari hilo moja. Kupokea dhahabu ghafi badala ya fedha ni hatari zaidi, maana kununua dhahabu bila leseni ni kosa kisheria. Tangu masoko ya madini yaanzishwe mwaka 2019, Geita ikiwa miongoni mwa ya kwanza, mchimbaji ana mahali halali pa kuuza mzigo wake. Auze huko, alipe mrabaha, kisha fedha zipitie benki. Kama anahitaji muda, gari libaki kwako hadi shilingi ya mwisho.

Mwenye gari zima aliingize sokoni Septemba. Mvua zikianza, udongo mweusi wa mbuga za Shinyanga hunasa kila gari dogo, na wanaotegemea njia hizo hujiandaa mapema. Akikosa mnunuzi kufikia Desemba kwa bei aliyotaja, tatizo ni bei. Apunguze, auze, na mtaji urudi kwenye mzunguko.