Ameanguka

Katika miaka yangu ya utabibu wa zahanati, neno hili nililiandika sana daftarini. Ameanguka kisimani. Ameanguka akitoka shamba na mzigo wa nazi. Ameanguka usiku akienda chooni. Mafia ni kisiwa cha tambarare, mchanga na minazi, lakini mtu akiyasoma madaftari yetu atadhani ni nchi ya majabali na kwamba wanawake wake hawajui kutembea.

Nilijua. Sitaki msomaji adhani nilidanganywa. Anayeanguka huchubuka magoti, viganja na viwiko. Haanguki akapata alama za vidole shingoni. Na yule mama aliyekuja mara tatu kwa mwezi, kichwa kinamuuma, malaria hana, usingizi hapati, mumewe kasimama mlangoni anamjibia kila swali, huyo naye alikwisha kunieleza. Nikampa vidonge vya maumivu.

Wenzangu wa zamani hukasirika nikisema haya. Husema mtu haulizwi ya chumbani kwake. Ajabu! Tunamuuliza mara ya mwisho kuona siku zake, tunamuuliza mimba ngapi zimeharibika, tunamuuliza kama anatokwa na uchafu ukeni. Hayo ni ya sebuleni? Tulikwisha kuingia chumbani siku nyingi, ila swali moja tu ndilo linalotutia haya, na ndilo linalomgusa mwanamume mwenzetu.

Wala tusisingizie mila. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, mila iseme itakavyo. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitangaza utafiti wake: kati ya kila wanawake 100 waliowahi kuwa na mume au mpenzi, 41 jijini Dar es Salaam na 56 mkoani Mbeya walikuwa wamepigwa naye au kulazimishwa kimwili. Ugonjwa gani mwingine wenye hesabu hiyo ambao tabibu angeruhusiwa kutoujua?

Tulichojua sisi ni kusema, "Nenda polisi ulete PF3." Kwa mtu wa mjini huenda ni mwendo wa dakika kumi. Aliyepigwa Jibondo lazima avuke maji hadi kisiwa kikubwa, kisha atafute gari la kwenda Kilindoni. Nahodha wa chombo ni shemeji ya mumewe. Abiria wote wanamjua. Kabla hajashuka pwani, habari imekwisha kurudi nyumbani. Mimi nasema atibiwe kwanza, karatasi ifuate, na ifuate kwa hiari yake. Mwaka 2013 Shirika hilohilo liliwashauri watoa huduma wasimpeleke mwanamke polisi kwa nguvu, wala wasimuulize kila anayeingia mlangoni. Waulize dalili zinapoonekana, na waulize faraghani.

Faragha ndiyo kazi kubwa katika kisiwa ambacho muuguzi huenda akawa mke wa binamu yake mume. Lakini haishindikani. "Kaka, tupishe kidogo, nataka kumpima mgonjwa." Sijapata kumwona mume aliyekataa. Mlango ukifungwa: "Dada, majeraha kama haya nimeyaona kwa wanawake waliopigwa. Nawe yamekukuta?" Akikataa, usimkamie, amejua kwamba mlango upo. Akikubali, usimwambie amwache mume leo. Muulize kama anaogopa kurudi usiku huu, na watoto wako wapi, na nani wa kumkimbilia.

Swali peke yake halitoshi, hapo nakiri. Uingereza, madaktari wa familia wa Hackney na Bristol walifundishwa kuwatambua wanawake hawa, tena wakapewa mtu maalumu wa kuwapelekea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: kliniki 24 zilizofundishwa zilipeleka wanawake 223 kwa mwaka mmoja, 24 ambazo hazikufundishwa zilipeleka 12. Wanawake wa kliniki zile nyingine hawakuwa wakiishi peponi! Mwaka huohuo wa 2011 Wizara yetu ya Afya nayo ilitoa mwongozo wa kuwahudumia waliofanyiwa ukatili. Ni jambo jema. Lakini mwongozo ulio kabatini haumuulizi mgonjwa kitu. Tabibu wa kijijini afundishwe palepale zahanati, pamoja na muuguzi wake na mhudumu, na apewe jina na simu ya afisa ustawi wa jamii na ya askari wa dawati la jinsia, watu wanaopokea simu.

Na afundishwe kuandika. Jeraha liko wapi, ukubwa gani, na mgonjwa amesema nini kwa maneno yake. Pia asiandike hayo katika daftari linalolala wazi mezani, bali katika jalada lenye kufungiwa.

Namkumbuka mmoja, mtoto mgongoni, mkono umevunjika. Niliufunga vizuri, maana kazi hiyo niliijua. Alipofika mlangoni alirudi. Akaniuliza kama nilichoandika ningeweza kukisoma mbele ya baraza la usuluhishi la ndoa, iwapo ataitwa. Nikamwambia nimeandika kwamba ameanguka.

"Haya, daktari," akasema, akatoka.