Kubana waya si uvivu

Jamani, nimechoka na hoja hii. Rafiki yangu, fundi hodari wa redio, ameniambia tena kwamba kubana terminali ni kazi ya mvivu na kwamba fundi wa kweli hulehemu. Nikamwuliza: mbona basi nyaya za ndege hubanwa? Akanyamaza.

Tuelewane kwanza. Kwenye bodi za saketi za vyombo vya ndege, lehemu imejaa tele na sina ugomvi nayo. Ninazungumzia nyaya zinazopita mwilini mwa ndege na terminali zilizo kwenye ncha zake.

Waya wa ndege ni nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa ili upindike bila kukatika. Ukiulehemu, lehemu iliyoyeyuka hupanda kati ya nyuzi kama mafuta ya taa kwenye utambi. Sehemu iliyolowa inageuka fimbo. Injini ikitetemeka saa baada ya saa, mpindo wote huangukia pale fimbo inapoishia. Hapo ndipo waya hukatika, pengine ndani ya ganda, usione kitu. Tena lehemu ya bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 huyeyuka kwenye nyuzijoto 183 za Selsiasi. Kiungo kikipata joto kupita hapo, kinaachia.

Na kubana si kufinya kwa koleo lolote la jua kali! Koleo la kazi hii lina kizuizi: halifunguki mpaka libane hadi mwisho. Hupimwa kwa geji, na viungo vya majaribio huvutwa ili nguvu yake ijulikane.

Wapo wanaosema, "Nitalehemu kwanza, kisha nibane." Usithubutu! Lehemu ni laini. Ikibanwa inatambaa polepole na mshiko unalegea. Kiwango cha NASA-STD-8739.4 kinakataza kubana waya wa nyuzi uliokwisha kupakwa lehemu.

Nakubali, terminali isiyolingana na waya, au koleo lisilopimwa, ni hatari kuliko lehemu safi. Lakini kosa hilo geji hulikamata. Lehemu hutegemea mkono wa fundi siku ile: amelala vizuri? Ana haraka?

Sisi waandishi wa programu tunalijua somo hili. Hatumwamini bingwa kwa sababu ni bingwa. Tunaendesha majaribio ambayo yeyote anaweza kuyarudia. Abiria aliye angani hawezi kuukagua mkono wa fundi. Heshima ya fundi iko kwenye kazi inayopimika, si kwenye moshi wa lehemu.